Gita Lilie, Lisitobolewe

Bomet, 7 Mei 1994

Kwako mjukuu wangu Kipkirui,

Chamgei? Kericho baridi imewafanyaje? Sisi hapa ni wazima, ila goti langu la kushoto.

Nimesikia redioni gita linalolia kama mtu: sauti inapanda, inavutika, halafu inarudi chini. Langu halijui hayo. Vijana wa kanisa wanasema linasinzia, na mimi pamoja nalo. Wanataka niache kuongoza nyimbo. Wewe si unatengeneza mashine za kiwanda cha chai? Nitengenezee nalo lilie. Joab, dereva wenu wa lori, atakuletea. Lakini usilitoboe. Ukilitoboa, nitakutoboa.

Gogo yako,
Rebeccah

Kericho, 2 Juni 1994

Gogo, bibi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Pole kwa goti. Gita lilifika salama, ingawa Joab alikuwa amekalisha kuku juu yake.

Sijatoboa. Nimechukua mkono wa breki ya baiskeli, nikaubana kwenye kile chuma cha mkiani kinachoshika nyuzi. Chuma kwa chuma; chini nimeweka mpira wa tyubu, mbao isikwaruzwe. Ukiusukuma kwa kiwiko, unakandamiza uzi wa pili, sauti inapanda. Ukiachilia, springi inaurudisha. Shida ni kwamba jana haikuurudisha. Uzi ulikatika ukanichapa sikio. Nipe muda.

Mjukuu wako,
Kipkirui

Bomet, 20 Juni 1994

Kipkirui,

Hujambo? Mimi sijambo, usingizi tu ndio sina. Nimeota gita langu lina matundu kama chujio la chai. Niambie ukweli: umetoboa?

Gogo anayengoja

Kericho, 1 Julai 1994

Gogo,

Natumaini umepata usingizi. SIJATOBOA. Nimeweka springi laini, sasa linalia. Nimelijaribu nyumbani, jirani yangu Eucabeth akabisha hodi kuuliza nani amefiwa. Joab analileta, safari hii bila kuku. Ukinishuku, fungua skrubu mbili tu, kitu chote kitatoka.

Mjukuu wako

Kericho, 29 Agosti 1994

Gogo,

U mzima kweli? Mbona kimya? Joab anasema alikuona ukienda Sotik, gita mgongoni, hukumpungia hata mkono. Nimekukosea nini?

Mjukuu wako mwenye wasiwasi

Bomet, 18 Septemba 1994

Kipkirui wangu,

Sote ni wazima, asante Mungu. Usikasirike.

Lilipofika nilifungua skrubu, nikakagua mbao kwa miwani na tochi. Safi kabisa.

Lakini Jumapili ya kwanza niliaibika. Katikati ya wimbo wa furaha kiwiko kiliteleza, gita likapiga yowe, watoto wakaangua kicheko. Pasta akasema, "Mama, pumzika kidogo." Nikapumzika, nikiwa na uchungu.

Halafu Mzee Mokaya wa duka akafa. Unajua alivyokuwa, hakuna ambaye hakugombana naye. Kaburini watu walisimama macho makavu, wengine wakiangalia saa. Mjane wake, Loice, alikuwa hajatoa chozi tangu afiwe. Pasta akanigeukia: "Mama Rebeccah, hebu jaribu."

Nikasukuma. Gita likavuta ile sauti, Loice akasema, "Uui, mzee wangu," akalia mpaka akaketi chini. Tukalia wote. Wale vijana ndio waliozidi.

Tangu hapo sina nafasi, naitwa kila matanga. Jumamosi wananitaka Kapsoit.

Sasa sikia. Hakuna mwingine anayejua kulipiga hivi. Njoo Krismasi nikufundishe, maana siku yangu ikifika vijana hawa watanizika na kinanda cha betri, nami sitaweza kuinuka niwazuie.

Gogo yako,
Rebeccah