Bunsi Alimjua Kabla Yetu

Jumatatu, 4 Machi
Mchumba wa binti yangu Chanthra kaja kujitambulisha. Anaitwa Wirot. Mpole, kala papai bichi na pilipili zake bila neno. Nikampeleka kwa Bunsi. Tembo wangu huyu kila mgeni humpapasa mifukoni kutafuta ndizi. Kwa Wirot karudi nyuma mpaka ukutani. Kajikojolea.
“Hajawahi kuniona,” Wirot kasema.
Sikuwa nimemuuliza.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia Chanthra. Kanuna. “Baba, mnyama ana woga tu. Wewe unatafuta sababu.”
Labda. Tangu mama yake afariki tumebaki wawili. Labda wivu ni wangu, namsingizia tembo. Daktari wa mifugo naye kacheka: binadamu anakumbuka, tembo ananusa. Eti ni mafuta ya nywele.

Jumamosi, 9 Machi
Leo nimempigia Wirot simu, spika wazi, nikiwa kando ya Bunsi. Nimeuliza habari za mvua tu. Simu haina harufu. Alipoitikia “Naam, baba,” Bunsi kaangusha majani yaliyokuwa mdomoni. Hakula tena mpaka jioni.
Nilimnunua kutoka kambi ya magogo, wanakovutisha tembo magogo msituni, miaka kumi na miwili sasa. Makovu ya ndoana ya kutiishia tembo, nyuma ya sikio, alikuja nayo.

Jumapili, 10 Machi
Nimemuuliza Wirot mbele ya Chanthra: umewahi kufanya kazi kambi ya magogo?
“Nilikuwa na miaka kumi na saba, baba. Walinipa ndoana, wakasema nimvunje kiburi.”
“Mbona ulisema hajawahi kukuona?”
“Sikumtambua. Nilimjua baadaye, nilipofikiria alivyoniogopa. Nilidhani wanasahau. Mimi nilikuwa nimeshasahau.”
Namwamini. Hicho ndicho kinachonisumbua.
Chanthra kalia, halafu kamshika mkono.
Akiondoka, Wirot kapita karibu na Bunsi. Safari hii Bunsi hakurudi nyuma. Kasimama kimya, masikio yametulia, kamtazama mpaka barabarani.
“Umeona?” Chanthra kasema. “Ameshamsamehe.”

Jumatatu, 11 Machi
Wamekuja asubuhi, wote wawili. Wirot kaleta miwa. Anataka kumwogesha Bunsi mtoni, amwombe radhi. Bila mnyororo, kasema, ndiyo heshima.
Bunsi ametulia vilevile. Miaka kumi na miwili sijamwona ametulia hivi — na sijui anawaza nini.
Chanthra ananiita nje, anataka ufunguo wa mnyororo. Nimemjibu nautafuta.
Uko mfukoni mwangu.