Kigari cha Viti Viwili

Jumapili, 3 Agosti 2025
Jirani yangu Zainabu amerudi kutoka kwa kaka yake, Bakari, kule Ziwani. Anasema kaka ana kigari cha Kitaliano. Ni kifupi, hakina paa, kuku wanatagia humo. Alisema hivyo huku anabangua korosho, kama mtu anayezungumzia mbuzi. Mimi nikaunguza ugali.

Fiat Spaida. Kama ya baba! Bosi wake Mreno kule Msumbiji alikimbia akaiacha, baba akaivusha Ruvuma juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Viti viwili tu – baba na mama. Mimi na dada Claudia tulijibana nyuma, pa kuwekea mizigo, magoti yamegusa kidevu, vumbi hadi kwenye meno. Sijapata raha kama ile tena. Hata siku ya harusi yangu. Marehemu Nelio anisamehe.

Nimempigia dada, aliyeko Kitaya. Nikasema kimepatikana kigari chekundu kama cha baba. Akasema cha baba kilikuwa cha njano. Nikasema chekundu. Akasema mimi nilikuwa kikojozi tu, ningejua nini. Akakata simu.

Jumanne, 5 Agosti
Hajapiga. Nami sipigi.

Ijumaa, 8 Agosti
Dada kaja bila taarifa, na mfuko wa muhogo. Ametaka tu nijionee kwa macho yangu kwamba ni njano. Kamwita Zainabu kwa jina la marehemu mama yake Zainabu. Chai kaimimina mezani, halafu akalaumu vikombe vyangu – eti vidogo. Miaka sitini na saba, na kiburi kilekile.

Jumamosi, 9 Agosti
Ziwani. Bakari kaondoa turubai, kafukuza kuku. Si kile cha baba. Hiki kilikuwa cha daktari mmoja wa Lindi. Lakini harufu ni ileile, ya ngozi na petroli.

Na ni chekundu. Chekundu kama pilipili.

Nikamgeukia dada, nimejiandaa kumnyamazisha milele. Alikuwa anapapasa boneti polepole, anatabasamu.

“Si nilikwambia, Isabel? Njano.”

Bakari akanitazama. Mimi nikatazama chini. Chai ile ya jana. Zainabu na mama yake. Mungu wangu, tangu lini?

“Kweli, dada,” nikasema. “Njano.”

“Njano kabisa, mama,” akasema Bakari. Mtu mwema.

Kisha wema ukamzidi. Akasema injini inawaka, petroli ndiyo kidogo, ngoja aombe kwa jirani, twende hadi shuleni na kurudi. Hajamaliza, dada keshakaa kwenye usukani. Baba alimfundisha yeye tu kuendesha. Mimi kazi yangu ilikuwa kufungua geti.

Nitamwambiaje mkubwa wangu, mbele za watu? Nikasubiri Bakari aondoke. Nikasema, “Dada, leo niendeshe mimi. Wewe umeendesha sana.”

Nilitegemea matusi ya Kimakonde. Akashika usukani kwa mikono miwili. Halafu akajivuta juu ya gia hadi kiti cha pili, mkono unatafuta pa kushika. Sikumsaidia. Angenichapa.

Kwa hiyo sasa naandika nikiwa nyuma ya usukani. Chini kuna pedeli tatu na mimi nina miguu miwili. Sijawahi kuendesha hata baiskeli.

Dada kafunga mtandio chini ya kidevu, tayari kwa upepo. Kauliza barabara ikoje. Nikasema imenyooka, ila kuna mbuzi.

“Mbali?”

“Mbali kidogo.”

“Basi wewe niambie unachoona,” kasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. “Mimi nitakwambia pa kukanyaga.”

Bakari huyo anakuja na dumu la petroli.