Mstari wa Mama

Najma, upo? Sikiliza hii!

Nimetoka kikao cha wafugaji hapa Singe. Tulikuwa tunaandikisha ndama kwenye fomu, nikauliza, "Kwenye baba niandike nani?" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti Egidius akasema, "Ng'ombe hana baba, Scola. Ana dume la mbegu." Hapo hata mimi nilicheka.

Halafu akaongeza, mbele ya watu wote: "Na yule mwanao, ana baba au naye ana dume tu?"

Dume, Najma! Mwanangu!

Nilidhani nitalia. Nikasimama. "Mwanangu ana mama, Mwenyekiti. Anakula, anasoma. Na hiyo fomu yako ina nafasi ya dume peke yake, wakati aliyebeba mimba miezi tisa ni ng'ombe wangu Kisura. Weka mstari wa mama."

Akajibu eti fomu haibadilishwi! Nikachukua kalamu yake palepale mezani, nikachora mstari mwenyewe, nikaandika: Mama, Kisura wa Scola.

Basi Mama Adrian, jirani yangu, akainuka na fomu yake mkononi. "Nipe na mimi hiyo kalamu." Nyuma yake wakajipanga wanawake sita.