Nilisamehe Mguu Usiokuwa Wangu

Magongo, Changamwe
Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri

Kwa mdogo wangu mpenzi, Mwana Esha, huko nyumbani Lamu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu kwa mapenzi yale yale ya tangu ulipokuwa ukinifuata chuoni umenibebea ubao wangu, ukilia kwa nini wewe hukupewa wako. Je, goti linakuruhusu kupanda ngazi? Na lile dari linalovuja, fundi alikuja, au bado anakuahidi Jumamosi?

Mimi namshukuru Mungu kwa alichonibakishia. Miguu imevimba, na pumzi zangu ni za kupimia: nikisema maneno kumi, sharti nipumzike. Ndiyo maana naandika, kalamu haihemi. Hata hivyo barua hii imenichukua siku nne. Daktari aliniambia kwa adabu kwamba moyo umechoka, nami nikamjibu kwa adabu kwamba nilikuwa nikijua. Usilie. Nimeishi kuliko baba yetu, na wanafunzi wangu wa zamani huja kunisomea gazeti, wakibishana kama Mwambao ujitenge au usijitenge uhuru ukija, mpaka niwafukuze.

Nimekuandikia kwa herufi za Kiarabu, zile alizotufunza mama, ili usome mwenyewe bila kumwita mtu. Isome kimya kimya, na usiseme neno mpaka ufike mwisho.

Nataka kukueleza habari za mwanao Shee. Najua hutaki kulisikia jina lake. Huu ni mwaka wa pili tangu umwandikie kwamba amekufedhehesha na kwamba radhi yako asiitegemee. Kanga alizokutumia Idi zilirudi na kamba yake haijafunguliwa. Bado ziko sandukuni mwake. Na kwa unavyojua wewe, una haki. Uliuza kitanda cha nyanya, kile cha miguu ya kuchongwa, ili mwanao apate wakili. Kisha ukasikia kwamba alisimama mahakamani akasema kuwa alikwisha kuwasamehe dereva na kampuni tangu mwanzo. Ukauliza: kama alisamehe, kitanda changu kiliuzwa cha nini?

Jibu la swali hilo ninalo mimi, ndugu yangu. Nimelikalia miaka miwili.

Wakumbuka Shee alivyokuwa akifanya kazi karakana, akienda na kurudi kwa baiskeli niliyompa. Alasiri ile alikuwa akirudi nyumbani, anapita upande wake wa barabara, polepole, maana nyuma alikuwa amenifungia gunia la makaa. Lori la kampuni moja ya mawe likapinda kuingia njia ya vumbi bila ya ishara yoyote, likambana ukutani. Mama mmoja auzaye mahamri pale aliona yote. Alikuwa akipiga kelele hata polisi walipofika: "Gari ndilo lililomfuata! Msiniandikie kwamba yeye ndiye aliyelifuata gari! Baiskeli itamfukuza nani?" Mguu wa kushoto ulivunjika mara mbili, na goti likapondeka.

Siku ya tatu, Shee yuko hospitali kisiwani, hajitambui kwa homa na dawa, nikapata wageni. Alikuwa Mzee Salim wa Junda, mkwe wa yule dereva, pamoja na wazee wawili wa mtaa wake. Walikuja na halua na birika la kahawa, wakavua viatu mlangoni kama watu wanaoingia msibani. Dereva mwenyewe, Mbarak, alibaki nje, hathubutu kuinua uso.

"Mwalimu," akasema Mzee Salim, "hatuna la kusema. Kijana amekosa. Tumekuja kutaka radhi."

Wajua desturi yetu. Mtu akija mlangoni kwako na wazee, akakiri, humrudishi. Lakini desturi ile ile inataka useme: subirini, mwenye jeraha apate fahamu, tumsikie yeye. Hilo nilifunzwa na baba, nawe ulikuwapo. Sikulisema. Nilitazama wale wazee watatu wamekaa kitako mbele yangu, nikaona fahari.

"Ni kadari ya Mungu, Mzee Salim," nikasema. "Limekwisha."

"Limekwisha? Hivi hivi?"

"Hivi hivi. Tumesamehe."

"Wallahi, Mwalimu, umetushinda kwa uungwana!"

Tukasoma Fatiha. Kahawa ile ilikuwa tamu mno, Mungu anisamehe.

Wangeondoka hapo, pengine hata madhara yasingekuwapo. Lakini Mzee Salim akaniomba karatasi. Kazini kwao wanataka kumfukuza Mbarak, akasema, na ana watoto wanne. Mkubwa wao akiona kwamba jamaa za majeruhi hawana kinyongo, huenda akamwacha. Nikachukua kalamu. Aliomba nitaje jina la mkwewe tu. Wallahi, jina la mkwewe tu. Nami niliandika kwamba mpwa wangu Shee, pamoja na jamaa zake wote, wamemsamehe Mbarak, wala hawana dai lolote juu yake wala juu ya kampuni yake.

Hayo ya kampuni hakuna aliyeyaomba. Niliyaongeza mwenyewe kwa sababu niliona sentensi haijatimia. Mwalimu wa miaka thelathini na zaidi, amezoea kuwaambia watoto kwamba barua nzuri haiachi pengo. Nikatia sahihi, kwa mwandiko ule unaousifu.

Shee alipopata fahamu sikumwambia. Nilijiambia apone kwanza. Halafu akaja wakili, nikajiambia ile karatasi imekwisha kutupwa. Halafu ukauza kitanda, na hapo nikaogopa. Nilikuandikia kwamba kesi itakuwa nyepesi. Nilipokuwa nikiandika hivyo nilijua kuna karatasi yangu katika ofisi ya watu.

Siku ya kesi, yule mama wa mahamri alisema vizuri hata jaji akatabasamu. Wakili wetu akaketi amefurahi. Ndipo wakili wa kampuni akasimama, akatoa karatasi yangu, akaisoma yote. Akampa Shee aitazame.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wa mjomba wangu."

"Na aliandika kwa idhini yako, au alijiandikia tu bila ya wewe kujua?"

Esha, Shee alikuwa hajapata kuiona barua ile. Alinitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa benchi ya pili, na nilikuwa na sauti wakati huo, na miguu ya kusimamia. Nilitazama mkongojo wangu. Mtoto alipoona nimeinamisha kichwa, akageuka.

"Kwa idhini yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aandike."

Nje, wakili wetu alitaka kupasuka. "Ulikuwa umelala kama gunia, wewe! Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia, bwana. Yamekwisha."

Dai likatupwa. Tulipokuwa tukirudi Magongo nilimuuliza mbona amefanya vile. Akanijibu, "Mjomba, ulitaka niwaambie Wazungu kwamba wewe umeandika uongo? Nusu ya makarani wa Changamwe umewasomesha wewe. Mimi nimepoteza goti. Tusipoteze na Mwalimu." Akacheka, vile achekavyo. "Tena goti lenyewe lina faida. Linajua mvua kabla ya redio."

Ulipomwandikia maneno yale mazito, nilimwambia nitakueleza ukweli. Akanikataza. Nami, niseme kweli, nilifurahi kukatazwa. Ulipoendelea kuniuliza mimi, nikakujibu, "Mwache, ni kijana." Nilimvisha mwanao joho la ujinga wangu, nikamwacha alivae.

Hawezi tena kusimama karakana. Ameketi juu ya sanduku mbele ya nyumba yangu, anatengeneza baiskeli za watu. Ndiye anayenipikia uji, ndiye anayenitawadhisha. Hajapata kuitaja ile karatasi, hata siku ninapokuwa mkali bila sababu. Angenitukana mara moja, ningelala vizuri.

Ijumaa iliyopita nilimwita wakili hapa nyumbani, Shee amekwenda kununua mipira ya magurudumu. Nikaapa kwa msahafu, akaandika yote niliyokueleza, nikatia sahihi. "Mzee, wajua kwamba unajishitaki?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo nilichomwitia. Atajaribu kuifufua kesi, lakini hakunificha: muda umepita, na pengine mahakama itakataa. Kwa hivyo kitanda cha nyanya siwezi kukuahidi. Kilichobaki mikononi mwangu ni kukuambia wewe, maana wewe ndiye hakimu anayemwogopa.

Sikuombi unisamehe leo. Nimejifunza kwamba msamaha wa haraka huenda ukawa ni kiburi tu. Kaa na hasira zako kadiri utakavyo. Zielekeze kwangu tu, zikome kumwendea yeye. Nikitangulia kabla hazijapoa, zilete kaburini, nitakusikiliza.

Nisalimie Bi Zena jirani yako, aliyekuwa akitupikia mkate wa kumimina. Nisalimie mwalimu wa chuo, aniombee dua. Na binamu yetu Omari, fundi wa milango, mwambie namsamehe lile bao alilonishinda kwa hila. Hilo lilikuwa langu, naweza kulisamehe.

Sasa, Esha, inua macho. Aliyekuletea barua hii ni yeye. Alikataa mara tatu kusafiri na mimi nimelala hivi. "Mjomba, nikirudi nitakukuta?" aliniuliza. Nikamwambia ni mambo ya nyumba yetu ya urithi, hayawezi kupita posta, na ni amri. Ameogopa kizingiti chako njia nzima, kutoka basi la Malindi mpaka mashua. Hajui uliyoyasoma. Hapo alipo anakutazama uso, anadhani unasoma habari za kuta na boriti.

Usimkalishe mkekani, goti lake halikunjiki. Mpe kiti. Halafu mwambie mwenyewe utakalomwambia. Neno hilo ninalitamani kuliko dawa, lakini safari hii sitalisema kwa niaba ya mtu.

Ni mimi kaka yako, uliyenibebea ubao na mengi zaidi,

Athman