Turbo ya Gari la Misiba na Kazi ya Dereva Nkwabi

CHAMA CHA KUZIKANA FARAJA, MLABANI – IFAKARA

Kumbukumbu za kikao cha dharura, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, katika banda la chama nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Ni mwendelezo wa kikao cha Alhamisi kilichokatishwa na mvua.

WALIOHUDHURIA
Bw. Wendelin – Mwenyekiti
Bi. Balbina – Mweka Hazina
Bi. Gladness Nkwabi – Katibu
Wanachama wengine, akidi ilitimia

WALIOALIKWA
Bw. Nkwabi – Dereva wa chama
Bi. Omega – Fundi wa magari

HAKUHUDHURIA
Bw. Dionisi – Makamu Mwenyekiti. Yuko Sanje ukweni, hakutoa taarifa.

KUMB. NA. 1/3/2025: PALE MVUA ILIPOTUKATISHA

"...na ndiyo maana nasema dereva huyu arudi kwao kuswaga ng'ombe," Mwenyekiti alimalizia sentensi yake ya Alhamisi. Alieleza kwamba pikapu ya chama, ikiwa imembeba marehemu Mzee Theodori kwenda kuzikwa Namawala, iliishiwa nguvu njiani mpaka waombolezaji wa baiskeli wakaipita. "Jeneza linapitwa na baiskeli! Mmeona wapi?" Aliongeza kwamba amekwisha kumwambia mjane, Mama Levina, kuwa dereva ameua turbo kwa kukanyaga mafuta ovyo, na kwamba afukuzwe leo.

KUMB. NA. 2/3/2025: KATIBU KUANDIKA HABARI ZA MUMEWE

Mwenyekiti alihoji kama Katibu anafaa kuandika. Alisema, "Ndoa yenyewe bado inanukia pilau. Huyu ataandika kwa wino wa fungate." Bi. Balbina alijibu kwamba hakuna mwingine anayekubali kazi hiyo, na mwandiko wa Mwenyekiti husomwa na Mwenyekiti peke yake, tena siku hiyohiyo. Katibu alikiri mbele ya wote kwamba anampenda mume wake sana na kwamba tangu ndoa ya mwezi uliopita kila asubuhi inamkuta na furaha mpya. Hata hivyo aliahidi kuandika kila neno dhidi yake bila kupunguza. Kikao kiliridhia.

KUMB. NA. 3/3/2025: MAELEZO YA DEREVA

Bw. Nkwabi alisimama akiwa na shati la bluu lililopigwa pasi na mtu anayempenda. Alieleza kwamba walitoka Ifakara vizuri, kisha taa ya injini ikawaka na gari likawa zito. Akikanyaga mafuta, halisikii. Alipozima na kuwasha tena lilikwenda kidogo, likachoka.

Mwenyekiti: "Si ungelichapa fimbo?" Wanachama wawili walicheka. Majina yao Katibu anayo.

Bw. Nkwabi alijibu kwa upole, "Baba, ng'ombe akichoka sisi tunamtazama kwanza ana nini. Hatuanzi kwa kumfukuza mchungaji." Hapa kalamu ya Katibu ilisimama kidogo.

KUMB. NA. 4/3/2025: UCHUNGUZI WA GARI

Kikao kilihamia nje. Mwenyekiti alieleza kwamba fundi wake alikwisha kusikiliza mlio na kusema turbo imekufa, inunuliwe nyingine.

Bi. Omega: "Shikamoo baba. Huyo fundi alisikiliza kwa sikio au kwa tumbo?"

Mwenyekiti aliitikia marahaba tu.

Bi. Omega aliunganisha kompyuta yake ndogo chini ya usukani. Ilisema taarifa za sensa ya mkao wa turbo haziko sawa. Mwenyekiti alidakia, "Si nimesema? Turbo!" Bi. Omega alimwomba apunguze kushangilia. Alieleza kwamba turbo inasukuma hewa kwenye injini, na ndani yake kuna vipande vidogo vinavyofunguka na kufungika. Sensa ni kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari vipande hivyo vimekaaje. Kompyuta isipoelewa, inaibana injini isijiumize, na gari linatambaa. "Hii yangu imeniambia pa kuanzia kutazama. Haijaniambia ninunue kitu, kama wengine wanavyopenda."

Alifungua boneti, akasogeza kwa kidole mkono wa turbo unaovifungua vipande hivyo, ukaenda na kurudi bila kukwama. Kwa hiyo turbo ni nzima. Kisha alitikisa waya wa sensa, na namba kwenye kompyuta zikaruka hovyo. Alipochomoa soketi yake, ndani kulikuwa na maji, kutu ya kijani na povu la sabuni. "Jamani, humu mmefulia?"

KUMB. NA. 5/3/2025: SABUNI ILIKOTOKA

Bi. Balbina alimgeukia Mwenyekiti: "Mwenyekiti, si wewe uliyesimama hapa na kandambili asubuhi ya msiba, mpira wa maji mkononi, boneti iko wazi, unasema marehemu hapandi gari lenye tope?"

Mwenyekiti alieleza kwamba usafi ni heshima. Bi. Omega aliuliza kama marehemu alipangiwa kukaa ndani ya injini. Bw. Nkwabi, ambaye angeweza kunyamaza akapona, alisema, "Ndoo ya sabuni niliishika mimi." Mwanaume wa namna hii Katibu hajawahi kumwona, na anaomba iandikwe hivyo.

KUMB. NA. 6/3/2025: MATENGENEZO NA MAAZIMIO

Bi. Omega alisafisha soketi, akaikausha, akapima waya na kufuta kosa kwenye kompyuta ya gari. Bw. Nkwabi alilipeleka gari Kibaoni na kulirudisha, Mwenyekiti akiwa pembeni yake kama shahidi. Taa haikuwaka. Mwenyekiti aliposhuka alisema lina nguvu kupita kiasi.

Iliazimiwa kwamba Bw. Nkwabi aendelee na kazi, na boneti isiguswe tena kwa mpira wa maji. Mwenyekiti alipendekeza Mama Levina aandikiwe kwamba palitokea hitilafu ya kiufundi. Bi. Balbina alipinga: "Dereva ulimsema kwa mdomo wako, msibani, watu wanasikia. Nenda na mdomo huohuo." Walioafiki ni wote, kasoro mmoja. Mwishowe na huyo mmoja aliafiki.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni. Nakala ipelekwe kwa Mama Levina, Namawala.

Gladness Nkwabi
KATIBU

Wendelin
MWENYEKITI

(Kwa mkono wa Mwenyekiti, chini ya sahihi:) Shemeji Mama Levina, usiyapokee haya kwa karatasi tu. Nitafika mwenyewe kabla mwezi huu haujaisha, na Nkwabi ndiye atakayeniendesha.