Gari Lisilo na Vitasa

Sabiri, uko wapi? Nimeaibika leo, ndugu yangu. Nimeaibika mbele ya wakwe.

Unaikumbuka ile picha ya gari langu niliyoitengeneza kwenye kompyuta? Nililishusha chini, nikalivika rimu pana na rangi ya zambarau iliyoiva. Basi niliituma kwenye kundi la harusi ya mjukuu wangu Husna nikaandika, "Gari langu." Sikusema ni mchoro. Wakajibu, "Mashallah mzee Mhina, hilo ndilo litambeba bibi harusi." Nami nikanyamaza. Nikanyamaza, Sabiri!

Leo wakwe wamekuja Korogwe kutoka Mombo kuliona. Bibi Hamisa, mama wa bwana harusi, akalizunguka mara mbili, akagusa penye kutu. "Mkwe, hili ndilo bibi yake lile la kwenye picha?"

Nikasema lile liko kwa fundi, Handeni. Uongo, na umri huu! Mimi niliyesoma shule ya jioni ili nisidanganywe!

Akatoa simu, akasoma namba ya gari la kwenye picha, tarakimu moja moja. Ni ile ile. Nilibadili kila kitu nikasahau namba.

Kisha akaikuza picha. "Na vitasa vya milango viko wapi? Bibi harusi angeingilia dirishani?" Walicheka mpaka wakakaa chini.

Nilivifuta mwenyewe, ili ubavu uwe laini.

Husna hakucheka. Alifungua mlango, akaketi kiti cha nyuma. "Babu, mimi nitapanda hili. Hili lina mlango."

Mpaka sasa sijaweza kumtazama usoni.