Mpini wa Injini ya Kwanza

Jumatatu, 21 Aprili

Leo Sham en-Nasim, sikukuu ya machipuko. Iskandaria nzima inanuka fasikh. Na Shadi, mtoto wa ami yangu, kaja kuwala samaki wake waliovundishwa juu ya ubao wangu wa swichi! Mafuta yamechuruzika mpaka kwenye tundu la mpini wa injini ya kwanza. Kinyaa gani hiki? Nikamwambia ondoa. Eti nisiwe na roho ndogo, rubani naye hula. Rubani! Huyu anayetapika hata kwenye tramu.

Nimesugua kwa spiriti na mswaki. Harufu haitoki.

Ila chumba chetu cha rubani cha kujitengenezea kimependeza, niseme kweli. Usukani ni bomba la baiskeli na springi za mlango. Pedali mbili za cherehani ya mama zinageuza mkia. Taa ni vitufe vya lifti iliyokufa, swichi ni za feni mbovu za dukani kwa kaka Magdi. Unachomeka kwenye kompyuta, unafungua mchezo wa ndege, unaruka. Miezi saba ya mikono yangu. Shadi kanunua kadi ya kompyuta na kutoa maoni.

Jumatano, 23 Aprili

Ijumaa ya wiki ijayo kuna maonyesho ya vyumba vya rubani vya kujitengenezea, ukumbi wa vijana. Mwamuzi ni Kapteni Lutfi, rubani mstaafu. Na anatafuta fundi wa kutunza mashine za mazoezi ya kuruka kwenye chuo chake cha urubani.

Fundi! Sitaki kitu kingine duniani. Miaka kumi na moja nafunga feni kwa Magdi, na wateja bado wananiuliza fundi yuko wapi. Nikisema ni mimi, wanacheka, wanamngoja Magdi.

Mji huu mtu akishika kalamu tu anaitwa bashmuhandis – mhandisi mkuu! Fundi bomba, bashmuhandis. Shadi, aliyefukuzwa chuo mwaka wa pili, bashmuhandis. Mimi? "We Rawya." Ptuu!

Jumamosi, 26 Aprili

Shadi kabandika namba na maandishi kwenye ubao. Vibandiko vyake vya Kizungu, kaagiza ng'ambo. Vimenyooka, sikatai. Nusu saa ya kazi, kisha mgongo unamuuma. Mama kamletea mto. Mgongo wangu mimi ni wa chuma?

Jumanne, 29 Aprili

Nimeanguka baharini!

Nilikuwa najaribu. Mchezo ukawasha moto injini ya kwanza. Dawa yake unavuta mpini namba moja, mafuta yanakatika, moto unazimika. Nikavuta. Ikazimika injini ya pili – ile nzima! Ya kwanza ikaendelea kuwaka. Ndege ikaenda chini kama jiwe.

Nikafungua ubao. Lahaula. Mimi nilichora nyaya kama ninavyoandika Kiarabu, kuanzia kulia: kulia moja, kushoto mbili. Shadi kabandika namba za Kizungu, kuanzia kushoto. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Nyaya mbili tu za kubadilishana. Dakika tano na bisibisi. Lakini umeme umekatika, naandika kwa mshumaa. Kesho.

Jumatano, 30 Aprili

Kesho hakuna! Nilipotoka dukani nikakuta chumba kitupu. Shadi kashabeba kila kitu, kapeleka ukumbini. Hajauliza mtu.

Alhamisi, 1 Mei

Nimekwenda ukumbini na bisibisi kwenye pochi. Nikakuta kadi mezani, herufi za dhahabu: "Kimebuniwa na kutengenezwa na Bashmuhandis Shadi. Shukrani kwa familia yake kwa chai."

Chai!

Nikamuuliza jina langu liko wapi. Kwani familia si wewe, akasema. Halafu akainama, akashusha sauti, eti ananihurumia: Kapteni hawezi kumpa mwanamke kazi ile, binti ami, bora ibaki kwenye familia. Akiipata yeye ataniita nimsaidie. Yeye ale mshahara, mimi nilehemu!

Nimerudi nyumbani na bisibisi yangu. Sikugusa waya. Wala sikumwambia kwamba namba zimepishana.

Mama anauliza mbona sili. Nitakulaje? Najichukia na mimi. Kitu changu mwenyewe, najua kibovu, nimekiacha kibovu.

Ijumaa, 2 Mei

Naandika hapa ukumbini, daftari liko gotini.

Kapteni Lutfi kaja baada ya saa nane. Mzee mfupi, hana maneno mengi. Kasoma kadi, kamwambia Shadi apande, arushe. Shadi karuka vizuri, nisimsingizie. Watu wanapiga makofi. Kisha Kapteni akainamia kompyuta, akabonyeza. Moto, injini ya kwanza.

Shadi akatabasamu. Akavuta mpini namba moja, kwa madaha, kama anamkaribisha bibi harusi. Baharini! Ukumbi mzima ukacheka.

Kapteni hakucheka. Akauliza, nani kafunga nyaya hizi?

Shadi kanyoosha kidole kabla swali halijaisha. Yeye! Rawya! Kila waya kafunga yeye, wallahi, mimi sikugusa hata mmoja!

Miezi saba nimengoja aseme hivyo. Kasema mbele ya watu sabini.

Kapteni akaniuliza, ni kweli? Kweli. Kila waya? Kila waya. Akaitazama tena ile kadi. Akasema anakwenda kuswali alasiri, akirudi akute ubao uko wazi.

Nimeufungua. Harufu ya fasikh ikatoka, watu wa mbele wakaziba pua. Shadi kanijia, jasho linamtiririka: sema ulikosea tu, binti ami, nitakuombea msamaha. Utaniombea! Huyu hana hata chembe ya haya.

Bisibisi ninayo. Dakika tano zilikuwapo, zimepita. Sijabadilisha. Nataka Kapteni aone kulia kwangu na kushoto kwa Shadi, kama vilivyo. Akinifukuza, anifukuze kwa nyaya nilizofunga mimi.

Kapteni anaingia, mikono ya shati bado imekunjwa kwa udhu. Anaita tangu mlangoni. Shadi kashaitika "Naam!" na kusimama.

Lakini alichoita ni bashmuhandisa. Mhandisi wa kike. Ukumbi mzima unageuza shingo, unatafuta ni nani.